Barua pepe zinarudi kwa waliozituma, na fundi simu anasema nifute picha zote

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nashona zaidi sare za shule na nguo za sherehe. Wiki iliyopita mhasibu wa shule moja alinipigia kuniuliza mbona sijajibu oda ya sare aliyonitumia kwa barua pepe. Sikuiona kabisa. Kesho yake akanionyesha ujumbe aliorudishiwa, una Kiingereza kingi na namba 552 5.2.2. Nilipouliza uliza, kumbe kuna wateja wengine wawili nao walirudishiwa.

Nikifungua Gmail naona mstari mwekundu unasema nafasi imejaa, 15 GB kati ya 15. Nimebonyeza hapo nikaona Gmail 3.1 GB na Google Photos 6.4 GB. Hizo 5.5 zilizobaki sielewi zimekwenda wapi, maana kwenye Google Drive nina faili nne tu za PDF.

Fundi simu amenishauri nifute picha zote kwenye Google Photos kwa sababu eti ziko kwenye simu hata hivyo. Kabla ya hapo alishanisafishia simu, ikapata nafasi ya kutosha, lakini ule mstari mwekundu haukuondoka. Juzi tena nimepata SMS yenye kiungo, inasema akaunti yangu itafutwa ndani ya saa 24 nisipolipia. Mume wangu anasema nilipe tu yaishe.

Naogopa kufuta. Picha za mitindo niliyoshona tangu 2017 ziko humo, na vipimo vya wateja viko kwenye WhatsApp. Simu yangu ni Android, menyu zake ziko kwa Kiingereza. Kompyuta sina, ila kuna steshenari jirani. Nianzie wapi?

Fundi Cherehani, Morogoro

*

Dada Fundi,

Umefanya vema kuogopa. Usifute picha hata moja mpaka umalize kusoma barua hii.

Tuanze na ile SMS. Usibonyeze kiungo chake na usilipe chochote kupitia hapo. Google haifuti akaunti ndani ya saa 24 kwa sababu imejaa. Utaratibu wao ni kwamba ukikaa miaka 2 ukiwa umezidi kiwango, bila kupunguza wala kununua nafasi, ndipo vitu vyako vinaweza kufutwa, na taarifa hutangulia mapema. Aliyekutumia SMS anataka nywila yako au namba ya kadi. Kama uliwahi kubonyeza ukaandika nywila, ibadilishe leo kabla ya jambo lingine lolote. Siku zote ukitaka kujua hali halisi ya nafasi yako, andika mwenyewe kwenye kivinjari one.google.com/storage. Hapo hakuna mtu katikati.

Sasa kuhusu picha. Simu yako na akaunti yako ni stoo mbili tofauti. Fundi simu alisafisha stoo ya simu, ndiyo maana simu ikapumua na akaunti ikabaki vilevile. Na hapa kuna hatari ambayo huenda hata yeye hakuiona: Google Photos ina kitufe cha "Free up space", na kazi yake ni kuondoa kwenye simu picha ambazo tayari zina nakala kwenye akaunti. Kama alikitumia hicho, basi picha zako za zamani hazimo tena kwenye simu. Nakala pekee iliyobaki ni hiyo ya kwenye akaunti, hiyo hiyo anayokwambia uifute.

Jaribu mwenyewe. Fungua Google Photos, chagua picha moja ya 2018, bonyeza vitone vitatu juu. Ukiona neno "Download", picha hiyo haipo kwenye simu, iko kwenye akaunti tu. Ukiona "Delete from device", ipo kote kuwili. Fanya hivyo kwa picha tano au sita za miaka tofauti, utajua umesimama wapi.

Liko jambo la pili linaloufanya ushauri ule uwe mbaya zaidi. Picha zilizopandishwa Google Photos kabla ya tarehe 1 Juni 2021 kwa ubora uliokuwa ukiitwa "High quality" hazihesabiwi kabisa kwenye zile 15 GB. Hesabu ilianza kwa zilizopanda kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo mitindo yako ya 2017 mpaka katikati ya 2021, kama hukuwa umechagua "Original quality", inakaa bure. Ungeifuta yote, ungepoteza kazi ya miaka minne na usipate hata MB moja. Kuhakikisha, fungua picha ya zamani, itelezeshe juu, usome maelezo yake. Yanaonyesha ilipandishwa kwa ubora gani.

Kinachokuumiza leo ni barua pepe, na hiyo ndiyo ya kufungua kwanza. Gmail, Drive, Photos na nakala za WhatsApp zote zinagawana zile 15 GB. Zikijaa, barua haziingii na hazitoki, hata kama kilichojaza ni video za harusi. Ukipunguza popote, barua zinaanza kuingia tena. Gmail ndiyo rahisi kupunguza bila kugusa chochote cha thamani.

Usianze kufuta matangazo moja moja. Barua ya maneno matupu ni nyepesi mno. Tangazo la KB 75 unahitaji kufuta zaidi ya 130 upate MB 10. Uzito uko kwenye viambatisho. Kwenye kisanduku cha kutafutia cha Gmail andika hivi:

has:attachment larger:10M

Usiache nafasi baada ya nukta mbili, na herufi M igusane na namba. Zitakuja barua zenye viambatisho ambazo uzito wake wote umezidi MB 10, zikiwemo ulizotuma wewe. Wengi husahau hizo za kutuma: ukimtumia mteja picha za MB 20, kwako zinabaki MB 20 kwenye "Sent". Pitia orodha, chochote chenye oda, risiti au mkataba kipakue kwanza, kisha futa. Ukimaliza rudia kwa larger:5M. Ukitaka kugusa za zamani tu, ongeza mbele yake older_than:3y, yaani zilizopita miaka mitatu.

Halafu fungua "Trash" na "Spam" uziondoe moja kwa moja kwa "Empty trash now" na "Empty spam now". Hatua hii ndiyo inayokwamisha watu wengi. Barua uliyofuta inakaa kwenye Trash siku 30, na muda wote huo bado inahesabiwa. Mtu anafuta asubuhi nzima, anaangalia mstari uko palepale mwekundu, anakata tamaa. Hata ukishamwaga Trash, mpe Google muda, hesabu inaweza kuchukua siku nzima kubadilika.

Sasa zile 5.5 GB zisizoonekana. Kwa dalili ulizoeleza, hiyo ni nakala rudufu ya WhatsApp. Zamani nakala ya WhatsApp kwenye Android haikuhesabiwa. Mabadiliko yalitangazwa Novemba 2023 na kuenea kwa watumiaji katika nusu ya kwanza ya 2024. Huioni kwenye orodha ya mafaili ya Drive kwa sababu inawekwa mahali palipofichwa. Kuithibitisha, fungua WhatsApp, nenda "Settings", "Chats", "Chat backup". Hapo utaona mambo mawili: ukubwa wa nakala, na tarehe ya mwisho ilipofanyika.

Soma hiyo tarehe kwa makini kuliko ukubwa. Akaunti ikijaa, nakala mpya za WhatsApp nazo husimama. Kama inasoma wiki sita zilizopita, maana yake simu ikiibiwa kesho, vipimo vyote ulivyopokea ndani ya wiki hizo sita hutavipata kwenye akaunti. Kwa biashara yako hilo ni kubwa kuliko barua zilizorudi. Jioni hii chukua daftari, nakili vipimo vya oda zilizo mezani sasa hivi. Dakika ishirini zinatosha.

Kupunguza nakala ya WhatsApp, fuata mpangilio huu huu. Kwanza "Settings", kisha "Storage and data", kisha "Manage storage". Utaona fungu la vitu vilivyozidi MB 5 na fungu la vilivyosambazwa mara nyingi. La pili lina mahubiri, vichekesho na video za asubuhi njema ambazo hazikuhusu; futa bila kujiuliza. La kwanza lipitie, maana humo zinaweza kuwemo video za wateja wakionyesha mshono wanaoutaka. Baada ya hapo rudi "Chat backup" uzime "Include videos". Picha, sauti na maandishi vitaendelea kuhifadhiwa, video tu ndizo hazitaingia. Ujue kwamba siku ukihamia simu mpya kwa kutumia nakala hiyo, video hazitakuja. Ile unayoitaka ihamishe mahali pengine mapema. Mwisho bonyeza "Back up". Nakala mpya inachukua nafasi ya ile ya zamani, na hapo ndipo utaona GB zinashuka. Fanya kazi hii kwenye Wi-Fi, na uhakikishe kile kiswichi cha "Back up using cellular" kimezimwa, la sivyo bando lako litaisha kabla nakala haijaisha.

Ukifika hapo, angalia kosa jingine ambalo linafanana sana na hali yako. Ndani ya Google Photos bonyeza picha yako ya wasifu, nenda "Photos settings", "Backup", kisha "Back up device folders". Kama folda za WhatsApp Images na WhatsApp Video zimewashwa, basi kila kitu kinachotumwa kwenye makundi yako kinahifadhiwa mara mbili: mara moja ndani ya nakala ya WhatsApp, mara ya pili ndani ya Photos. Unalipia nafasi mara mbili kwa video ile ile ya kikao cha harusi. Zima folda hizo, ubaki na ya Camera peke yake. Kuzima hakuondoi zilizokwisha kupanda. Kunazuia mpya tu.

Kuziondoa zilizokwisha kupanda ndiyo kazi ya mwisho, na usiifanye kabla hujawa na nakala ya picha zako nje ya Google. Nenda steshenari ukiwa na flashi ya GB 32 na simu yako ina chaji, maana Google itakuuliza kwenye simu kama ni wewe. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja lifunguke dirisha la faragha. Andika takeout.google.com, ukurasa wa Google wa kupakua nakala ya vitu vyako. Bonyeza "Deselect all", weka tiki Google Photos peke yake, shuka chini uendelee. Kwenye njia ya kupokea chagua kiungo kwa barua pepe. Usichague "Add to Drive", kwani kitarundikwa kwenye akaunti ile ile iliyojaa. Aina ya faili iwe .zip, ukubwa GB 2. Nasisitiza GB 2 kwa sababu flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Ukichagua kubwa zaidi, utasubiri saa nzima kisha flashi ikatae kuipokea mwishoni.

Google itachukua saa kadhaa, wakati mwingine siku, kuandaa. Ndiyo maana nilikuanzisha na Gmail, kiungo kipate pa kuingilia. Kinadumu siku 7 tu. Usishangae jumla ikizidi zile 6.4 GB ulizoona. Zile picha zisizohesabiwa nazo zimo. Ukishapakua, hamishia kwenye flashi, fungua faili moja uone picha zinafunguka kweli, kisha futa zile .zip kwenye kompyuta ya watu kwa Shift na Delete. Toka kwenye akaunti. Ukifika nyumbani una shaka kama ulitoka, fungua mipangilio ya akaunti yako ya Google kwenye simu, sehemu ya "Security", tazama orodha ya vifaa, ile kompyuta uiondoe hapo hapo.

Flashi ikishakuwa mkononi, ndipo upunguze Photos. Bado nisingekuambia ufute mitindo. Anza na sehemu ya "Manage storage" ndani ya Photos, inakupangia video kubwa na picha za skrini. Kumbuka ukifuta kitu ndani ya Google Photos kinafutika kwenye akaunti na kwenye simu pia. Kinakaa kwenye Trash siku 60 kama kilikuwa na nakala, na muda huo unaweza kukirudisha. Halafu ukiwa kwenye kompyuta, ingia photos.google.com/settings, kuna chaguo la "Recover storage". Hilo linabana picha zilizopanda kwa ubora wa asili: zinazozidi megapikseli 16 zinashushwa mpaka 16, video zinashushwa mpaka 1080p. Kwa picha ya gauni ya kumwonyesha mteja kwenye simu, macho hayataona tofauti. Lakini halirudi nyuma, na ndiyo sababu nyingine ya kutanguliza flashi.

Mumeo hajakosea sana kusema mlipe. Kwa mtu anayepokea oda kwa barua pepe, kununua mpango wa GB 100 si ubadhirifu. Nachopinga ni kulipa kabla ya kusafisha, kwa sababu folda za WhatsApp zikiendelea kupanda mara mbili, hizo 100 nazo zitajaa. Na siku ukiacha kulipa ukiwa umezidi 15, unarudi palepale: barua zinagoma. Ukiamua kulipa, lipia ndani ya programu ya Google One au Play Store kwenye simu yako mwenyewe, kamwe si kwa kiungo cha SMS wala kwa kumpa mtu pesa akulipie.

Kwa maoni yangu, kabla ya kulipa jaribu njia hii: fungua akaunti nyingine ya Google kwa ajili ya nakala ya WhatsApp tu. Nayo inakuja na GB 15 zake. Kwenye "Chat backup" bonyeza "Google Account", chagua hiyo mpya, kisha "Back up". Mara ya kwanza itapandisha kila kitu upya, kwa hiyo ni Wi-Fi tena. Ikikamilika, fungua programu ya Google Drive ukiwa kwenye akaunti ya zamani, vistari vitatu, "Backups", ufute nakala ya WhatsApp iliyobaki huko. Tangu hapo barua za biashara na video za makundi hazigombei stoo moja. Masharti yake ni haya: andika nywila ya akaunti hiyo kwenye daftari la nyumbani, kwa sababu siku ya kurudisha mazungumzo utahitaji akaunti ile ile na namba ile ile ya simu. Usiache nakala ikae bila kusasishwa zaidi ya miezi 5, WhatsApp wanaonya kuwa inaweza kuondolewa. Na akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa, basi iingie mara moja moja.

Ukiona mstari mwekundu umeondoka, usiamini mpaka ujaribu. Mwambie mumeo akutumie barua yenye picha kutoka simu yake, nawe umjibu. Ikipita pande zote mbili, kazi imekamilika. Zile zilizorudishwa kwa namba 552 5.2.2 hazitakuja zenyewe. Mtumaji lazima atume upya. Mtumie mhasibu ujumbe leo hii, usisubiri flashi: "Habari za kazi. Barua pepe yangu ilikuwa imejaa, sasa inapokea. Naomba unitumie tena oda ya sare, na kama ina haraka nipigie picha hati yenyewe unitumie WhatsApp." Na wale wateja wawili nao vivyo hivyo, kisha uangalie "Outbox" na "Drafts" zako kama kuna jibu ulilodhani limeondoka.